Ufalme Uliochezewa Bao: Chimbuko la Ulimwengu wa Ryangombe na Kiranga katika Historia ya Nyanda za Manyovu

IKISIRI

Makala haya yanachunguza simulizi za chimbuko la ulimwengu wa pili unaojulikana katika eneo la Maziwa Makuu kwa majina ya Ryangombe, Kiranga na Wachwezi. Uchunguzi umejikita katika nyanda za juu za Manyovu, mkoani Kigoma. Swali kuu ni hili: kwa nini watu waliokuwa na wafalme wengi wa duniani walihitaji pia ufalme usioonekana, wenye mfalme wake, vyeo vyake na historia yake? Hoja inayotetewa ni kwamba simulizi hizo zisisomwe kama orodha iliyoharibika ya wafalme wa kale. Ni fikra za kisiasa zilizohifadhiwa katika umbo la masimulizi na maigizo. Fikra hizo zilieleza jinsi mamlaka yanavyopatikana, yanavyopotea na yanavyoweza kugawanywa upya, zikimpa hadhi mtu ambaye ufalme wa duniani haukumpa. Makala yanaonyesha pia kwamba kuusoma ulimwengu huo kama kumbukumbu ya wavamizi wa kigeni ni kosa lililokuwa na madhara nje ya vitabu.

1.0 UTANGULIZI

Manyovu iko katika nyanda za juu zinazopakana na Burundi, mahali ambapo hadi mwaka 2012 palikuwa sehemu ya Wilaya ya Kasulu na sasa pamo katika Wilaya ya Buhigwe. Kutoka huko ardhi inateremka upande wa magharibi kuelekea Ziwa Tanganyika. Upande wa mashariki na kaskazini inaendelea hadi Kasulu, Kibondo na Kakonko. Wenyeji ni Waha, na lugha yao, Kiha, inasikilizana kwa urahisi na Kirundi. Mpaka uliochorwa na wakoloni ulizitenga nchi. Haukuzitenga koo, masoko wala masimulizi.

Kabla ya ukoloni Buha haikuwa dola moja. Zilikuwako falme ndogo kadhaa, kila moja na mwami wake: Heru katika eneo la Kasulu, Muhambwe na Buyungu upande wa kaskazini, na nyingine zilizoelekea ziwani. Majina ya baadhi yake yamedumu katika siasa za leo. Muhambwe na Buyungu yamekuwa majina ya majimbo ya uchaguzi, na Manyovu nayo ilikuwa jimbo kabla ya jina la Buhigwe kushika nafasi yake. Wingi huo wa mamlaka ulionwa hata na wapita njia. Mwaka 1871, Henry Morton Stanley alipovuka Uha ya kusini akielekea Ujiji, alitozwa hongo na mtawala mmoja baada ya mwingine, hadi msafara wake ukaamua kupita usiku kwa kujificha.

Sambamba na falme hizo zinazoonekana kulikuwa na ufalme mwingine. Mfalme wake alikufa zamani akiwa mawindoni, lakini aliendelea kutawala. Watumishi wake walikuwa na majina, silaha, tabia na maneno yao. Watu wa kawaida waliingia humo kwa ibada iitwayo kubandwa, wakatoka wakiwa na jina jipya na ndugu wapya. Burundi mfalme huyo aliitwa Kiranga, na Rwanda aliitwa Ryangombe. Mashariki ya Buha, kwa Wasumbwa na Wanyamwezi, chama chenye asili hiyohiyo kilijulikana kama Uswezi, nacho kilielezwa kwa kina na Hans Cory mwaka 1955. Bunyoro na Nkore, katika Uganda ya leo, watu wa ulimwengu huo waliitwa Wachwezi. Buha ilikuwa njia panda ya mikondo hiyo yote, na kwa sababu hiyo ni mahali panapofaa kuuliza chimbuko la ulimwengu huo lilikuwa na maana gani kwa walioliamini.

2.0 MJADALA WA WANAHISTORIA NA KASORO YAKE

Kwa muda mrefu wanahistoria waliuliza swali moja tu kuhusu Wachwezi: je, waliwahi kuishi? Mwaka 1953 Roland Oliver alizihusisha simulizi zao na mabaki ya mahandaki makubwa ya Bigo, magharibi mwa Uganda, akaelekea kuwaona kuwa watawala wa kweli. Mwaka 1958 Christopher Wrigley alipinga. Kwake, Wachwezi walikuwa miungu, na kuwageuza wafalme ni kulazimisha hadithi itoe ushahidi isiokuwa nao. Kazi ya Iris Berger ya mwaka 1981 ilibadili mwelekeo wa mjadala. Berger alichunguza ibada ya kubandwa katika falme nyingi, Buha ikiwamo, akauliza jinsi ibada hiyo ilivyohusiana na madaraka na upinzani dhidi ya madaraka.

Chini ya mjadala huo lilikuwapo wazo la zamani zaidi. John Hanning Speke, katika kitabu chake cha mwaka 1863, alidai kwamba watawala wafugaji wa eneo la maziwa walikuwa wa asili ya kigeni, waliotoka upande wa Ethiopia na kuwashinda wakulima. Wamisionari na maofisa waliofuata waliipanua dhana hiyo, na Wachwezi wakapewa nafasi humo kama kizazi cha kwanza cha wageni hao. Dhana hiyo haikubaki vitabuni. Chini ya utawala wa Kibelgiji nchini Rwanda na Burundi iliingia katika shule, katika uteuzi wa machifu na katika vitambulisho. Baadaye iligeuzwa silaha na wale waliowaita majirani zao wavamizi wa kurudishwa kwao. Mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 nchini Rwanda yalikuwa na sababu nyingi, lakini lugha yake ilichota katika kisima hicho. Jinsi simulizi ya chimbuko inavyosomwa, basi, si suala la wataalamu peke yao, hasa Manyovu, ambako mara kwa mara waliokimbia machafuko ya Burundi wamevuka mpaka kutafuta usalama.

Kuna pia suala la vyanzo. Matoleo ya simulizi tuliyonayo kwa maandishi yalikusanywa kwa sehemu kubwa na watu waliokuwa na shughuli nyingine. Padre Alexandre Arnoux, aliyechapisha maelezo marefu kuhusu ibada ya Ryangombe nchini Rwanda mwaka 1912 na 1913, alikuwa wa shirika lililokuwa likiipiga vita ibada hiyo. Kwa upande wa Buha, Askofu Jan van Sambeek aliandika juu ya imani na desturi za Waha akiwa Kabanga, karibu na Kasulu, naye J. H. Scherer alichapisha utafiti wake juu ya Waha mwaka 1959. Nchini Uganda, John Nyakatura aliandika historia ya wafalme wa Bunyoro-Kitara mwaka 1947, wakati hadhi ya ufalme huo mbele ya Waingereza ilikuwa jambo la kutetewa kwa kalamu. Kila mwandishi alichagua alichokihitaji. Kwa hiyo makala haya hayatafuti toleo moja la asili. Yanatazama kile ambacho matoleo yanakubaliana juu yake licha ya waandishi kutofautiana.

3.0 CHIMBUKO LA ULIMWENGU WA PILI: SIMULIZI TATU

3.1 Isaza na mfalme wa kuzimu

Simulizi ya Bunyoro inaanza na mfalme aliyekataa udugu. Nyamiyonga, mfalme wa kuzimu, alimtumia Isaza, mfalme wa dunia, mafumbo, kisha akaomba wachanjiane damu wawe ndugu. Isaza aliogopa. Alimtoa mlinzi wake wa lango, Bukuku, afanye udugu huo kwa niaba yake. Nyamiyonga alipogundua kuwa amedanganywa na kufungamanishwa na mtumishi, alimtuma binti yake, Nyamata, aliyemvutia Isaza na kurudi kuzimu akiwa na mimba. Baadaye alituma ng'ombe wawili wazuri mno. Ng'ombe hao walipopotea, Isaza aliwafuata hadi wakamwingiza kuzimu, naye hakurudi tena. Kiti kilibaki kwa Bukuku, mlinzi wa lango. Mtoto wa Nyamata, Isimbwa, alizaliwa chini na kuja juu akiwinda. Mwanawe Isimbwa, Ndahura, ndiye aliyemuua Bukuku na kuanzisha utawala wa Wachwezi.

3.2 Wamara na deni la Kintu

Huko Buhaya, magharibi ya Ziwa Victoria, simulizi iliyoandikwa na Edmond Césard mwaka 1927 inamtaja Wamara, aliyeteremka na wenzake katika nchi ya chini iliyotawaliwa na Kintu. Walirudi na mifugo na mbegu, yaani vitu vinavyoifanya nchi ikalike. Lakini Wamara alisahau kurudisha shukrani. Kintu akamtuma Rufu, yaani Kifo, kudai kilicho chake. Tangu hapo watu wa juu wanakufa, na Wamara na wenzake wakawa watu wa upande wa pili.

3.3 Ryangombe, bao na mbogo

Simulizi ya Rwanda ndiyo iliyo karibu zaidi na Kiranga wa Burundi na Buha. Ryangombe, mwana wa Babinga, aligombea ukuu wa imandwa, yaani jamii ya mashujaa hao, na mpinzani aitwaye Mpumutumuchuni. Hawakuamua kwa vita. Waliamua kwa mchezo wa igisoro, ambao ni wa ukoo mmoja na bao la Waswahili. Ryangombe alishindwa. Aliondoka kwenda kuwinda, na katika safari hiyo akapata mtoto kwa mwanamke aitwaye Nyirakajumba. Mtoto huyo, Binego, alikua akiwa mkali na mwenye kuua. Alipomtafuta baba yake alimkuta tena mbele ya ubao wa igisoro. Binego alimwonyesha baba yake jinsi ya kucheza, Ryangombe akashinda, na Binego akamuua Mpumutumuchuni. Hivyo ufalme ukapatikana.

Kisha ulipotea. Mama yake Ryangombe aliota ndoto mbaya na kumsihi asiende mawindoni. Aliutandaza mkanda wake njiani, lakini mwanawe akauruka. Huko porini alikutana na msichana mwenye mtoto, aliyemdai ngozi ya mbogo ya kumbebea. Msichana huyo aligeuka mbogo na kumchoma Ryangombe kwa pembe. Ryangombe alikufa akiegemea mti wenye maua mekundu uitwao umuko, ambao katika ibada huitwa umurinzi, neno ambalo msomaji wa Kiswahili ataliona mara moja kuwa ni ndugu wa mlinzi. Kabla ya kufa aliagiza kwamba watu wote waitwe katika ibada yake, wawe Watutsi, Wahutu au Watwa. Wenzake walikufa pamoja naye, na makao yao yakawa juu ya volkano ya Karisimbi.

4.0 UFALME KAMA MCHEZO: UCHAMBUZI

Simulizi hizi tatu zinatofautiana kwa majina na matukio, lakini zinakubaliana katika mambo matatu.

Kwanza, dunia ziko mbili na zimeumbwa kwa mfano mmoja. Ya chini au ya mlimani ina mfalme, mabinti, ng'ombe, walinzi wa malango na madeni, sawasawa na ya juu. Lugha yenyewe inashuhudia ukale wa wazo hilo. Neno ikuzimu la Kirundi na Kinyarwanda na okuzimu la Kinyoro ni neno lilelile ambalo Kiswahili kinalitumia kusema kuzimu, na shina hilo ndilo lililozaa mzimu. Kuzimu hapa si jehanamu ya kuadhibiwa. Ni nchi ya pili, yenye haki zake, inayotaka kutendewa kama mshirika.

Pili, uhusiano wa dunia hizo ni wa mkataba, na taabu huanzia pale mkuu anapovunja mkataba. Isaza alimtoa mtumishi alipotakiwa kutoa damu yake mwenyewe. Wamara alichukua bila kurudisha. Ryangombe aliuruka mkanda wa mama yake. Hakuna hata mmoja aliyeangushwa na mvamizi kutoka mbali. Kila mmoja aliangushwa na wajibu ambao aliujua na kuukwepa. Hapa dhana ya Speke inagonga mwamba. Masimulizi yanayodaiwa kuwa kumbukumbu ya ushindi wa wageni yanazungumza kwa hakika juu ya wajibu wa watawala kwa walio chini yao.

Tatu, mamlaka hayatoki kwa damu tupu. Katika toleo la Rwanda jambo hili limewekwa wazi kwa namna isiyo ya kawaida: mwana wa mkuu anashindwa kwenye bao, na kushindwa kwake kunakubaliwa. Ni muhimu kuzingatia mchezo wenyewe ulivyo. Igisoro, kama bao, huchezwa kwenye ubao wa safu nne za mashimo manane, mashimo 32 kwa jumla, na kete 64. Kete inayotekwa haitolewi nje ya ubao. Huvushwa upande wa mshindi na kupandwa upya katika mashimo yake, ikaendelea kufanya kazi. Tangu mwanzo hadi mwisho wa mchezo kete ni zilezile 64. Kinachobadilika ni upande zilipo.

Hakuna toleo linalotamka kwamba ubao ni mfano wa dunia mbili, na makala haya hayadai hivyo. Hata hivyo, inaelekea si jambo la bahati kwamba watu walioamini kuwa wafu wamevuka upande wa pili na bado wanahesabika waliuchagua mchezo ambao ndani yake hakuna kinachopotea. Wangeweza kuchagua shindano la mishale au la mieleka, ambalo huacha mshindi na majeruhi. Bao huacha hesabu ileile iliyogawanywa vingine, na mpangilio huo hauna umilele, kwa kuwa mchezo unaofuata unaweza kuugeuza. Ufalme uliopatikana kwa njia hiyo ni ufalme unaojua kuwa ungeweza kuwa wa mwingine.

5.0 KUINGIA KATIKA ULIMWENGU: KUBANDWA NA UGAWAJI WA HADHI

Chimbuko hilo halikuwa hadithi ya kusimuliwa jioni tu. Liliigizwa. Katika kubandwa, mshiriki alipandwa na mmoja wa watu wa ulimwengu huo, akavaa mavazi yake, akashika silaha yake na kusema kwa sauti yake. Aliyekuwa Kiranga au Ryangombe alisalimiwa kama mfalme. Wengine walikuwa Binego mkali, Kagoro, Mugasa wa majini, Mashira mpiga ramli, au Nyabirungu. Waliokwisha kuingizwa, ambao Burundi waliitwa ibishegu, walikuwa na msamiati wao usiojulikana kwa wasioingizwa. Rwanda kulikuwa na hatua mbili. Ya kwanza iliitwa kwatura. Ya pili, gusubira ku ntebe, maana yake ni kurudi kwenye kiti, na jina hilo halikuchaguliwa ovyo katika jamii ambamo kiti ni alama ya utawala.

Suala la jinsia linahitaji kutajwa peke yake. Katika makala yake ya mwaka 1976 Berger alionyesha kwamba wanawake walikuwa wengi miongoni mwa waliopandwa na pepo hao, na kwamba ibada iliwapa hadhi ambayo maisha ya kawaida hayakuwapa. Mwanamke aliyepandwa na Kagoro alishika mkuki na kuketi mahali pa wanaume. Burundi, mwanamke aliyeitwa Mukakiranga, yaani mke wa Kiranga, alipewa heshima hata mbele ya mwami.

Watawala wa duniani walielewa uzito wa jambo hili. Nchini Rwanda mfalme mwenyewe hakuingizwa katika ibada, kwa kuwa asingeweza kupiga magoti mbele ya mfalme mwingine. Badala yake aliteuliwa mtu wa kuwa mfalme wa imandwa katika baraza la mfalme. Uteuzi huo unaonyesha mambo mawili kwa pamoja: kwamba ufalme wa pili ulitambuliwa, na kwamba wa kwanza ulitaka kuuweka karibu ili uutazame.

Hata hivyo, usawa huo una mipaka yake na haupaswi kukuzwa. Kuingizwa kulikuwa na gharama, na familia maskini ililazimika kutafuta vyakula, pombe na zawadi. Siri ililindwa kwa vitisho. Zaidi ya yote, baada ya ibada kila mtu alirudi katika nafasi yake ya mchana. Mtu aliyekuwa Kiranga usiku aliamka akiwa mtumishi wa mwenye ng'ombe. Ibada haikuvunja utaratibu wa duniani. Ilichofanya ni kuuzuia utaratibu huo usionekane kuwa wa pekee unaowezekana.

6.0 MANYOVU: MAMLAKA MATATU JUU YA ARDHI MOJA

Katika Buha ulimwengu huo uliingia mahali ambapo mamlaka yalikuwa yamekwisha kugawanyika. Abami na wasaidizi wao walitoka katika koo za Kitutsi, na uhusiano wa ng'ombe ulioitwa ubugabire uliwafunga wenye mifugo na wasio nayo: mmoja alitoa ng'ombe, mwingine akatoa kazi na utii. Lakini ardhi haikuwa ya mwami peke yake. Kama alivyoonyesha Michele Wagner katika utafiti wake wa mwaka 1996 juu ya mazingira na historia ya Buha, abateko, yaani watunzaji wa ardhi, walikuwa na mamlaka ya kale zaidi. Wao ndio waliopatana na ibisigo, pepo wa misitu, vijito na vilima, kwa niaba ya watu waliotaka kulima na kuishi hapo. Mwami aliweza kutawala watu, lakini bila mteko hakuweza kuwapatanisha na udongo waliousimamia.

Kiranga alileta kitu cha tatu. Mwami alitegemea ukoo, na mteko alitegemea ukoo na mahali. Cheo katika ulimwengu wa Kiranga hakikutegemea ukoo wala mahali, kwa kuwa kilipatikana kwa kuingizwa. Hapa ndipo simulizi ya bao inapopata maana ya kijamii katika Buha. Mtu ambaye hakuzaliwa mwami wala mteko hakuwa na njia ya kuwa mkuu katika taratibu hizo mbili. Katika utaratibu wa tatu njia ilikuwapo, na chimbuko lake lilimweleza kwamba hata mfalme wa ulimwengu huo hakuupata ukuu kwa kuzaliwa tu. Kwa watu waliohamahama kati ya falme ndogo, wakikimbia njaa, vita au mtawala mkali, hadhi hiyo ilikuwa na faida nyingine. Ilivuka mipaka. Aliyeingizwa upande wa Burundi alitambuliwa na ndugu zake wa ibada upande wa Buha, kwa sababu Kiranga alikuwa mmoja ingawa abami walikuwa wengi.

7.0 KUFUNGWA KWA MALANGO

Karne ya ishirini iliupunguza ulimwengu huo hatua kwa hatua. Utawala wa Kijerumani, uliokuwa na kituo Ujiji tangu miaka ya 1890, ulifikisha reli Kigoma mwaka 1914. Kati ya 1916 na 1921 eneo hilo lilikuwa mikononi mwa Wabelgiji, kisha likakabidhiwa kwa Waingereza. Kila serikali ilitafuta mtawala mmoja wa kushughulika naye. Abami waliandikwa katika daftari za serikali na kulipwa mishahara. Abateko na wakuu wa ibada hawakuwa na safu katika daftari hizo. Sheria ya Uchawi ya Tanganyika ya mwaka 1928, kwa upana wa lugha yake, iliziweka shughuli nyingi za kiroho katika hatari ya kuhesabiwa kuwa kosa. Mapadre Weupe na madhehebu mengine walidai kutoka kwa wabatizwa waachane na Kiranga kabisa.

Uhamaji wa lazima ulifanya yale ambayo mahubiri peke yake hayakuyafanya. Maelfu ya wanaume wa Kiha walikwenda manamba katika mashamba ya mkonge ya mikoa ya mashariki. Katika miaka ya 1930 watu wa upande wa Kibondo walikusanywa katika makazi mapya ili kudhibiti ugonjwa wa malale, na misitu ikakimea walikokuwa wakiishi. Mwaka 1963 serikali huru ya Tanganyika ilifuta utawala wa machifu, na ufalme wa kwanza ukaondoka kisheria. Kuanzia mwaka 1972 Operesheni Kigoma iliwahamishia watu katika vijiji vya pamoja. Ibisigo hawakuhamishwa na serikali. Walibaki kwenye vilima vyao, wakitengwa na watu waliowajua kwa majina.

Mwaka huohuo wa 1972 wakimbizi wa Burundi walianza kuingia kwa wingi. Wengine walifuata mwaka 1993 na mwaka 2015, na kambi kama Mtabila, Nduta na Nyarugusu zikawa sehemu ya jiografia ya Kasulu na Kibondo. Sheria iliwatambua watu hao kama wageni. Lakini walizungumza lugha ambayo Waha waliielewa bila mkalimani, na kumbukumbu zao za Kiranga zilikuwa za ukoo mmoja na za wenyeji. Katika mazingira hayo chimbuko la ulimwengu wa pili linageuka kuwa ushahidi wa kihistoria: kwamba pande mbili za mpaka wa Manyovu ziliwahi kuwa na mfalme mmoja, ingawa si yule aliyechorwa kwenye ramani.

8.0 HITIMISHO

Makala haya yamejenga hoja kwamba simulizi za Isaza, Wamara na Ryangombe zinapaswa kusomwa kama fikra juu ya mamlaka. Zinafundisha kwamba dunia inayoonekana inadaiwa na isiyoonekana, kwamba mtawala anayekwepa deni hilo hupoteza kiti chake, na kwamba ukuu unaweza kuamuliwa upya. Katika Manyovu na Buha kwa jumla, fikra hizo zilikaa kando ya mamlaka ya abami na abateko, zikawapa wasio na ukoo wa kutawala, na hasa wanawake, nafasi ya kuwa wengine kwa muda bila kuondoka nchini mwao.

Usomaji uliozigeuza simulizi hizo kuwa historia ya wavamizi haukuwa na msingi katika simulizi zenyewe. Agizo la Ryangombe alipokuwa akifa chini ya umurinzi liliwataja wote, na hakuna aliyeambiwa arudi alikotoka. Kwa watafiti wa historia ya Kigoma kazi iliyobaki ni kuzikusanya simulizi za Kiranga kwa Kiha, katika vijiji vya Manyovu, Kasulu na Kibondo, kutoka kwa wenyeji na kwa waliovuka mpaka, na kuzilinganisha pasipo kuanza na swali la nani alitangulia kufika. Swali hilo limekwisha kuulizwa vya kutosha. Lenye manufaa zaidi ni lile ambalo simulizi zenyewe zinaliuliza: nani anadaiwa, na anamdai nani.